Kutoka Mkanda wa Video hadi Ubao wa Kuyumba: Teknolojia na Ulinzi wa Wachezaji Vijana wa Mpira wa Mikono nchini Norway na Denmark, 1988–2017

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya matumizi ya teknolojia katika kuwafunza na kuwalinda wachezaji vijana wa mpira wa mikono nchini Norway na, kwa sehemu, nchini Denmark. Mara nyingi historia ya teknolojia michezoni husimuliwa kama safari ya kupanda ngazi: kutoka vifaa duni kwenda vifaa bora, na kutoka jicho la kocha kwenda mashine isiyokosea. Kwa kufuatilia tatizo moja, yaani majeraha ya goti na baadaye ya bega, makala inaonesha kwamba ushahidi hauungi mkono simulizi hiyo. Mikanda ya mechi za kawaida na mbao za bei nafuu zilileta manufaa yaliyopimika, ilhali maabara yenye kamera za kisasa ilishindwa kutabiri nani angeumia. Hoja kuu ni kwamba thamani ya teknolojia katika mafunzo ya vijana ilitegemea swali iliyopewa kujibu na uthabiti wa watu walioisimamia, wala haikutegemea ughali wake.

1.0 Utangulizi

Mpira wa mikono wa kisasa huchezwa ukumbini, katika uwanja wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, kila timu ikiwa na wachezaji saba uwanjani. Ni mchezo wa kasi na wa mageuzi ya ghafla. Mshambuliaji hukimbilia ukuta wa mabeki, hukanyaga kwa nguvu, hugeuka upande wa pili, kisha huruka na kurusha mpira akiwa hewani kabla ya kutua, mara nyingi kwa mguu mmoja. Uzito wote wa mwendo huo huangukia goti.

Ndani ya goti mna ligamenti ya msalaba ya mbele, ukano mfupi unaouzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele ya mfupa wa paja. Ukano huo ukikatika, mchezaji hukaa nje ya uwanja kwa miezi mingi, aghalabu baada ya upasuaji, na wengine hawarudi kabisa. Hata anayerudi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kulika kwa gegedu la goti miaka ya baadaye. Kwa binti wa miaka 16, jeraha hilo linaweza kukatisha ndoto ya michezo na kumwachia maumivu ya utu uzima.

Kwa sababu hiyo, swali la teknolojia katika mafunzo ya vijana halikomei kwenye ushindi. Ni swali pia la wajibu wa watu wazima kwa miili ya watoto waliokabidhiwa. Makala hii inalifuata swali hilo katika hatua tano zilizotokea nchini Norway na kwa jirani yake Denmark: kuona, kufundisha, kudumisha, kutabiri na kuuliza. Hatua hizi hazikufuatana kwa mstari ulionyooka. Baadhi zilipishana, na mpishano huo wenyewe ni sehemu ya hoja.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Chama cha mpira wa mikono cha Norway kiliundwa mwaka 1937. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, mchezo huu ulikuwa miongoni mwa michezo mikubwa ya wanawake nchini humo. Timu ya taifa ya wanawake ilitwaa medali ya fedha katika Olimpiki za Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992. Mwaka 1998 ikawa bingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza, na mwaka 1999 ikatwaa ubingwa wa dunia katika mashindano yaliyoandaliwa kwa pamoja na Norway na Denmark.

Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na takwimu zisizopendeza. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa fiziotherapia Grethe Myklebust na wenzake waliandikisha kwa utaratibu majeraha ya ligamenti katika ligi za juu za nchi hiyo. Daftari hilo lilidhihirisha mambo matatu. Kwanza, wanawake waliumia mara kadhaa zaidi ya wanaume. Pili, sehemu kubwa ya majeraha ilitokea katika mechi, si mazoezini. Tatu, wengi waliumia pasipo kugongwa gotini na mtu yeyote: mchezaji aligeuka au alitua, na goti likaachia.

Jambo hili la tatu lilibadilisha namna ya kulitazama tatizo. Jeraha linalotokana na kugongwa huweza kuitwa ajali, na lawama ikaelekezwa kwa mpinzani au mwamuzi. Jeraha linalotokana na namna mchezaji anavyokanyaga linaingia moja kwa moja katika eneo la mafunzo, kwa sababu kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya. Hata hivyo, ili kifundishwe upya, ilibidi kwanza kijulikane. Tukio lenyewe lilipita upesi mno kwa jicho la aliyekaa benchi, na kumbukumbu ya mchezaji aliyeanguka kwa maumivu haikutosha kuwa ushahidi pekee.

Inafaa kutaja kwamba hata sakafu ilichunguzwa. Utafiti wa Odd-Egil Olsen na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha kumbi za sakafu ya mbao na zile za sakafu ya bandia, ambayo kwa kawaida hushika kiatu zaidi. Kwa wanawake, hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi kwenye sakafu ya bandia. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo sakafu iliyoletwa kama maendeleo ya ujenzi nayo ilikuwa teknolojia, tena yenye gharama ambayo haikuwa imehesabiwa.

3.0 Kuona: Mikanda ya Misimu Kumi na Miwili

Chombo cha kwanza kilichosaidia kuona kilikuwa tayari kipo, na hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mikanda ya video ya mechi ilirekodiwa kwa ajili ya watazamaji na timu. Watafiti wa Norway walikusanya mikanda 20 iliyonasa majeraha ya ligamenti ya wachezaji wa kike katika mechi za ndani na za kimataifa, kutoka misimu 12 kati ya mwaka 1988 na 2000. Matokeo ya uchambuzi wao yalichapishwa mwaka 2004.

Namna kazi hiyo ilivyopangwa ina uzito katika historia hii. Waliokaa mbele ya skrini walikuwa madaktari watatu pamoja na makocha watatu wa timu za taifa. Madaktari waliangalia kiungo: pembe ya goti, mzunguko wa muundi, mahali pa uzito wa mwili. Makocha waliangalia mchezo: mshambuliaji alikuwa anajaribu kufanya nini, beki alikuwa wapi, na je, mwendo wake ulivurugwa kabla ya kukanyaga? Maarifa ya kocha hayakuondolewa na mashine. Yaliitwa mezani kuisaidia ieleweke.

Matokeo yalikuwa bayana. Katika matukio 12 kati ya 20, mchezaji aliumia akipiga chenga kwa kukanyaga na kugeuka. Katika matukio manne aliumia akitua kwa mguu mmoja baada ya kuruka na kurusha. Goti lilikuwa karibu kunyooka kabisa, kisha likaporomokea upande wa ndani. Yaani mienendo miwili ambayo kila kocha huifundisha kwa vijana kama msingi wa ushambuliaji ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya majeraha yaliyochunguzwa.

Uchambuzi wa macho ulikuwa na mpaka wake. Mkanda uliopigwa kwa kamera moja huonesha upande mmoja tu, na makadirio ya pembe kwa jicho huwa na makosa makubwa. Tron Krosshaug na Roald Bahr walieleza mwaka 2005 mbinu ya kulinganisha umbo la mifupa lililoundwa kwa kompyuta na picha za mkanda, fremu baada ya fremu, ili kupata mwendo wa pande tatu kutoka video ya kawaida. Mbinu hiyo ilitumika katika utafiti wa Hideyuki Koga na wenzake wa mwaka 2010, uliochambua majeraha 10 ya wanawake, saba ya mpira wa mikono na matatu ya mpira wa kikapu. Ilikadiriwa kwamba ukano ulikatika takribani milisekunde 40 baada ya mguu kugusa sakafu.

Takwimu hiyo ndogo ina maana kubwa kwa mafunzo. Katika milisekunde 40 hakuna mchezaji anayeweza kuhisi kosa, kufikiri na kulirekebisha. Maelekezo ya kocha kutoka pembeni hayawezi kumfikia. Kinachoweza kumwokoa ni namna mwili ulivyojiandaa kabla ya mguu kugusa chini, na maandalizi hayo hujengwa kwa mazoea ya muda mrefu. Teknolojia ya kuona ilithibitisha hivyo kwamba ufumbuzi ungetoka katika mazoezi ya kila siku.

4.0 Kufundisha: Ubao, Mkeka na Sakafu

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mazoezi ya kinga yalianza kabla uchambuzi wa mikanda haujachapishwa. Kile ambacho wachezaji walikwisha kukisimulia na madaftari yalikwisha kukionesha kilitosha kuanzisha jaribio. Hapa historia haifuati mpangilio wa vitabu vya mbinu, ambamo sababu hujulikana kikamilifu kwanza na tiba hufuata.

Jaribio la kwanza kubwa lilifuata timu za wanawake wa madaraja matatu ya juu kwa misimu mitatu. Msimu wa 1998/99 ulikuwa wa kuhesabu tu, bila kuingilia: timu 60, wachezaji 942, majeraha 29 ya ligamenti. Katika misimu miwili iliyofuata, timu zilipewa programu ya dakika 15 yenye sehemu tatu: mazoezi ya sakafuni, mazoezi juu ya mkeka laini, na mazoezi juu ya ubao wa kuyumba. Ubao huu ni kifaa sahili mno: kipande cha ubao cha duara chenye kitako cha mviringo chini yake, ambacho humlazimu aliyesimama juu yake kutafuta urari wakati wote.

Msimu wa 1999/2000, uleule ambao taifa lilisherehekea ubingwa wa dunia, timu 58 za wanawake zilikuwa zimeingia katika jaribio hilo. Majeraha yalikuwa 23. Msimu wa 2000/01 yalikuwa 17, kwa timu 52. Katika daraja la juu kabisa, idadi ilishuka kutoka 13 hadi sita, kisha tano.

Watafiti wenyewe hawakutangaza ushindi wa moja kwa moja. Kwa kundi zima, kushuka huko hakukufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Sababu mojawapo ilikuwa wazi: asilimia 26 tu ya wachezaji katika msimu wa kwanza wa programu, na asilimia 29 katika msimu wa pili, ndio waliotimiza kiasi cha mazoezi kilichowekwa. Katika daraja la juu, waliotimiza programu walikuwa na hatari ndogo kwa kiwango kikubwa kuliko wasiotimiza. Tatizo kwa hiyo halikuwa ubao. Tatizo lilikuwa kuupanda.

5.0 Vijana wa Miaka 15 hadi 17

Mwaka 2000 kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo kilianzishwa Oslo, katika chuo kikuu cha michezo cha Norway. Kupitia kituo hicho swali lilihamishiwa kwa vijana, na kwa mbinu iliyo madhubuti zaidi. Katika msimu wa 2002/03, klabu 120 zenye wachezaji 1,837 wa umri wa miaka 15 hadi 17 ziligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Klabu 61 zilipewa programu mpya ya kupasha mwili joto. Klabu 59 ziliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Wasichana ndio waliokuwa wengi, ingawa wavulana nao walishiriki.

Programu ilijengwa kwa mambo manne: mbio, ufundi wa kugeuka na kutua, urari, na nguvu. Ilifanywa katika vipindi 15 mfululizo mwanzoni mwa msimu, kisha mara moja kwa wiki. Kila timu ilipatiwa mikeka, mbao za kuyumba na kitabu cha maelekezo. Ujumbe mkuu kwa vijana ulikuwa mfupi kiasi cha kukumbukwa na yeyote: goti likae juu ya vidole vya mguu, lisiporomokee ndani. Baada ya kuruka na kurusha, walihimizwa kutua kwa miguu yote miwili.

Katika msimu wa miezi minane, majeraha ya papo kwa papo ya goti na kifundo cha mguu yalikuwa 129: 81 katika kundi la ulinganisho na 48 katika kundi la programu. Hatari ilipungua kwa karibu nusu. Matokeo haya, yaliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Uingereza, ndiyo kiini cha ushahidi wa historia hii, kwa kuwa yalitokana na mgawanyo wa nasibu na yaliwahusu vijana wenyewe, si watu wazima waliochukuliwa kuwakilisha vijana.

Yapo mambo mawili ya kujifunza katika mpangilio huo. La kwanza ni kwamba mazoezi ya kinga yaliwekwa ndani ya kupasha mwili joto, shughuli ambayo tayari ilikuwepo. Kocha hakuombwa kuongeza siku ya nne ya mazoezi. Aliombwa kuzitumia upya dakika 15 hadi 20 alizokuwa nazo. La pili ni kwamba kilichofundishwa kwa ajili ya usalama kilikuwa ufundi wa mchezo uleule. Kijana anayejua kugeuka huku goti lake likiwa mahali pake ni mshambuliaji bora pia. Kwa njia hiyo mvutano kati ya kulinda na kushinda, ambao huwafanya makocha wengi wapuuze mazoezi ya kinga, ulipunguzwa.

6.0 Kudumisha: Kilichotokea Watafiti Walipoondoka

Endapo simulizi ingeishia mwaka 2005, ingekuwa simulizi ya mafanikio tu. Tathmini iliyochapishwa na Myklebust na wenzake mwaka 2013, ikitazama nyuma zaidi ya miaka kumi, inaleta picha nyingine. Baada ya jaribio la timu za wanawake kwisha mwaka 2001, na wataalamu waliokuwa wakizitembelea timu kuondoka, idadi ya majeraha ya ligamenti ilipanda tena. Mbao hazikuwa zimeharibika na maarifa hayakuwa yamepotea. Kilichoondoka ni mtu wa kusimamia.

Kuanzia katikati ya muongo huo, juhudi mpya zilianzishwa: uandikishaji wa majeraha kwa nchi nzima, semina za makocha, na tovuti ya mazoezi iliyoitwa Skadefri, yaani bila jeraha. Idadi ya majeraha ikashuka tena. Mwaka 2014, wakati wa Olimpiki za Vijana za Nanjing, kituo cha Oslo na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walizindua programu tumizi ya simu iitwayo Get Set, iliyomwezesha kocha au mchezaji kuchagua mchezo wake na kuona mazoezi ya kinga kwa video.

Katika hatua hii kazi ya teknolojia ilikuwa tofauti na ile ya mikanda. Haikuwa tena kugundua jambo jipya, bali kulifikisha lililokwisha kugunduliwa kwa watu wengi, na kuwakumbusha. Hata hivyo, mfululizo wa kushuka, kupanda na kushuka tena unatahadharisha. Video ndani ya simu haimsimamishi kijana juu ya ubao. Kilichoambatana na kushuka kwa mara ya pili ni mchanganyiko wa tovuti, semina na uandikishaji wa kila mwaka, na si tovuti peke yake.

7.0 Kutabiri: Maabara na Mipaka Yake

Sambamba na juhudi hizo, matumaini makubwa zaidi yaliwekwa katika maabara. Kama goti linaloporomokea ndani ndilo linaloumia, ilionekana kuwa jambo la busara kuwapima wachezaji kabla hawajaumia na kuwatambua walio hatarini. Utafiti wa Timothy Hewett na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuwa umetia nguvu tumaini hilo: kati ya wachezaji wa kike 205 waliopimwa, tisa walioumia baadaye walikuwa na mwendo tofauti wa goti wakati wa kutua.

Watafiti wa Oslo walilijaribu wazo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2007, wachezaji wa kike wa ligi za juu za mpira wa mikono na wa miguu walipimwa wakiruka kutoka juu ya kisanduku. Alama ziling'aa mwilini mwao mbele ya kamera za infraredi, na bamba za sakafuni zilipima nguvu ya kutua. Kisha walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu wachezaji 710, ambao kati yao kulitokea majeraha mapya 42 ya ligamenti yasiyotokana na kugongwa.

Jibu lilikuwa kinyume cha matarajio. Vipimo karibu vyote havikutofautisha walioumia na wasioumia. Kimoja, kiasi cha goti kusogea upande wa ndani, kilikuwa na uhusiano na majeraha, lakini dhaifu mno kwa matumizi ya mtu mmojammoja: wengi waliopimwa vibaya hawakuumia, na wengi waliopimwa vizuri waliumia. Katika mwaka huohuo, Bahr alichapisha hoja pana kwamba vipimo vya kutabiri majeraha havifanyi kazi na pengine havitafanya kazi kamwe.

Kushindwa huku hakupaswi kusomwa kama hasara ya fedha. Ni matokeo ya kisayansi yenye faida kwa vijana. Laiti kipimo hicho kingekubaliwa bila kujaribiwa, msichana mwenye kipaji angeweza kupewa jina la mchezaji wa hatari na kunyimwa nafasi kikosini kwa sababu ya namba isiyo na uwezo wa kumhukumu. Mwenzake aliyepimwa vizuri angeachiwa asifanye mazoezi ya kinga. Uamuzi uliotokana na kushindwa huko ni rahisi na wa haki zaidi: kila kijana apewe mazoezi ya kinga, pasipo kuchagua.

8.0 Kuuliza: Ujumbe Mfupi wa Simu

Hatua ya mwisho ilitokea Denmark na ilihusu bega. Mchezaji wa mpira wa mikono hurusha mpira mara nyingi katika mazoezi na mechi, na bega la kijana hubeba marudio hayo. Swali la Merete Møller na wenzake lilikuwa kama ongezeko la ghafla la kazi ya uwanjani huchangia majeraha ya bega.

Kujibu swali hilo hawakuwavisha vijana vitambuzi vya mwendo. Kwa wiki 31 waliwafuatilia wachezaji 679 wa umri wa miaka 14 hadi 18, wakiwauliza kila wiki kwa ujumbe mfupi wa simu muda waliocheza na kama wameumia. Waliotoa taarifa ya jeraha walipigiwa simu na kuchunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba mchezaji aliyeongeza muda wake kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wastani wa wiki nne zilizotangulia alikuwa na hatari ya jeraha la bega karibu mara mbili ya yule aliyeongeza kwa chini ya asilimia 20. Kwa mwenye udhaifu wa misuli ya kuzungusha mkono nje, au ambaye mfupa wa bapa la bega haukusogea sawasawa, hata ongezeko la kati ya asilimia 20 na 60 lilihusishwa na hatari zaidi.

Katika miaka hiyohiyo ligi kubwa za Ulaya zilikuwa zikianza kuwavalisha wachezaji vitambuzi vinavyopima kasi, umbali na miruko. Vifaa hivyo vina manufaa yake kwa timu za kulipwa. Lakini kijana mara nyingi hucheza katika klabu, shuleni na katika kikosi cha mkoa kwa wakati mmoja, na kitambuzi cha klabu hakijui alichofanya shuleni. Ujumbe wa simu ulijua, kwa sababu ulimuuliza mwenyewe. Chanzo cha taarifa kilikuwa kijana aliyeaminiwa kusema ukweli kuhusu mwili wake.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inatoa mahitimisho matatu. Kwanza, hakukuwa na uwiano kati ya ughali wa kifaa na manufaa yake kwa vijana. Ushahidi ulio imara zaidi ulitokana na mkeka, ubao na dakika 15 hadi 20. Kifaa cha hali ya juu zaidi kilifanya kazi yake bora kilipothibitisha kwamba hakiwezi kutabiri. Pili, kila teknolojia ilifaa ilipopewa swali linaloiendana: mkanda uliulizwa jeraha hutokeaje, ubao uliulizwa mwili ujifunzeje, simu iliulizwa wiki ilipitaje. Maabara iliulizwa nani ataumia kesho, swali lililozidi uwezo wake. Tatu, manufaa yalidumu kadiri usimamizi ulivyodumu.

Mahitimisho haya yana maana pia nje ya Skandinavia, ingawa kwa tahadhari. Nchini Tanzania, kwa mfano, mpira wa mikono ni miongoni mwa michezo ya mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na viwanja vingi vya shule viko nje, juu ya saruji au udongo. Programu iliyopimwa katika kumbi za Norway haiwezi kudaiwa kuleta upungufu uleule wa majeraha katika viwanja hivyo, hasa ikikumbukwa kwamba sakafu yenyewe ilionekana kuwa na athari. Hilo linahitaji kupimwa mahali penyewe. Kinachoweza kuchukuliwa bila kusubiri ni mpangilio wa kazi: kuandikisha majeraha kabla ya kununua kifaa, kuwaweka kocha na mganga meza moja, kuingiza kinga ndani ya mazoezi yaliyopo, na kuhakikisha yupo mtu atakayerudi msimu ujao kuuliza kama bado yanafanyika.

Mwelekeo wa sasa wa vitambuzi na uchambuzi wa kompyuta unaahidi mengi kwa wachezaji vijana, na baadhi ya ahadi hizo huenda zikatimia. Uzoefu wa Norway kati ya mwaka 2001 na 2013 unabaki kuwa kipimo cha kuzipimia. Timu zilikuwa na kifaa kilekile na maarifa yaleyale, lakini magoti ya wachezaji yalikatika zaidi katika miaka ambayo hakuna aliyekuja kuwatazama.